Unga wa Kambini na Vyuo Vitatu

Kaeni vizuri, na walio nyuma wasogee mbele, kwa maana mwisho wa hadithi hii umeachwa kwenu.

Palikuwa na askari wanne katika kambi moja ya mpakani. Sajini Nyanda, mganga wa kikosi, alijaliwa macho: ukipita mbele yake, amekwisha kujua kama ulilala au ulikesha na homa. Koplo Chilongani, dereva, alijaliwa mikono. Tope lililomeza magari ya wenzake, yeye lilimpisha. Hidaya, mpishi msaidizi, alijaliwa ulimi usiojua kupinda. Na wa nne, Koplo Atuganile, mpishi mkuu, alikuwa na swali. Hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata jikoni.

Mwaka wa mvua nyingi, mahindi yalifika kambini yameloa. Atuganile aliona ukungu wa kijani kwenye punje, akamwandikia mkuu wa ghala kuomba mengine. Akajibiwa apike. Akaandika tena, akajibiwa vilevile. Basi akafanya kama alivyomwona bibi yake akifanya: akachambua, akaosha maji matatu, akaanika, akasaga. Ugali ukatoka mweupe, hauna harufu, na yeye mwenyewe akaula. Moto si unaua kila kitu?

Siku ya kumi na mbili, kwenye gwaride la asubuhi, Nyanda aliona umanjano machoni mwa askari mmoja, dalili ya sumu iliyoshika ini. Wengine waliona uchovu tu. Akaenda moja kwa moja jikoni, akasimama mbele ya masufuria. "Leo hapa hali mtu," alisema. Kamanda alimtishia mahabusu, hakusogea. Ugali wa watu mia nne ukamwagwa.

Lakini waliokwisha kuugua walikuwa kumi na mmoja, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto uliofurika, daraja limechukuliwa. Chilongani aliwapakia kwenye lori, akapanda na mto hadi penye miamba, akavuka kwa miguu juu ya mawe, akafunga mnyororo kwenye mti wa ng'ambo na kulivuta lori hatua kwa hatua. Walikwenda kumi na mmoja, wakarudi kumi na mmoja. Vidole viwili vya Chilongani vilibaki kwenye mnyororo ule.

Kisha likaja baraza la uchunguzi, na mshtakiwa akawa Atuganile. Mkuu wa ghala alisema mpishi hakulalamika, na barua hazikuonekana popote. Hidaya akainuka bila kuitwa. "Barua nilizipeleka mimi, mara mbili. Na kama kuosha mahindi ni kosa, tuliosha wawili." Akaamriwa kukaa, akaendelea kusema mpaka akamaliza. Cheo alichokuwa akikisubiri mwezi ule hakikuja tena. Atuganile akaachiwa huru, akatumikia mpaka akastaafu kwa heshima.

Ila swali lilistaafu naye: sumu ile iliyashindaje maji na moto? Akiwa na miaka arobaini na mbili alirudi darasani. Stashahada ilimpa jina lake, sumukuvu, yaani sumu itokayo kwenye ukungu wa nafaka, na kumwambia kwamba moto wa jikoni hauiwezi. Namna ya kupambana nayo, aliambiwa, iko kwenye shahada. Akaomba vyuo vitatu, cha maabara, cha hifadhi ya nafaka na cha usindikaji wa vyakula, na vyote vitatu vikamkubali. Sharti ni moja: athibitishe kimoja kwa simu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Viwili vingine vitawapa nafasi watu wengine.

Siku hiyo ya mwisho wenzake watatu walifika nyumbani kwake Mbalizi. Akawapikia makande.

"Afande," Chilongani aliuliza, kijiko hewani, "haya umeyaosha maji mangapi?"

"Kula wewe!" Hidaya akamkemea. "Ungekuwa na wasiwasi usingeomba sahani ya pili."

Walipokwisha kucheka, Nyanda alifuta miwani yake. "Atu, nenda chuo cha maabara. Tangu nitoke jeshini niko maabara ya wilaya, lakini mwakani naondoka, na macho yangu yamechoka. Nani ataiona sumu hii kabla watu hawajaila?"

"Akishaiona, iko ghalani tayari," alisema Chilongani. "Njoo kijijini kwetu, chuo cha hifadhi ya nafaka kiko jirani. Mahindi yetu yanalala chini kama yale ya kambini. Mwaka jana tulizika watoto wawili." Utani ulikuwa umemtoka.

Hidaya alisogeza sahani yake kando. "Kikundi changu cha akina mama kinasaga unga, na hakuna anayejua kuupima. Nenda usindikaji, dada, uje tufanye kazi pamoja. Mteja akiniuliza kama unga ni salama, nitamwambia sijui. Unanijua. Na mashine itafungwa."

Macho ya Atuganile yalitua kwenye mkono wa Chilongani.

"Usiviangalie vidole vyake," Hidaya akasema. "Hiyo ni rushwa."

Chilongani akauficha mkono chini ya meza, akicheka.

"Na wewe mwenyewe wataka kipi?" Nyanda aliuliza taratibu.

"Kabla hamjaingia nilikuwa najua," alijibu Atuganile. "Sasa nikiwaangalia, sijui tena."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Alishika simu, na wote watatu wakatazama pembeni ili wasimsukume.

Bila macho ya Nyanda, mia nne wangeendelea kula. Bila mikono ya Chilongani, kumi na mmoja wangezikwa. Bila ulimi wa Hidaya, Atuganile angekuwa gerezani na si chuoni. Wako wanaosema anayestahili ni yule aliyepoteza zaidi, na wengine wanasema ni yule ambaye watu wake wanaumia leo. Wengine husema wema wa jana usimchagulie mtu kesho yake.

Zimebaki dakika ishirini. Simu hiyo ingekuwa mkononi mwako, wewe ungethibitisha chuo cha nani?