Kamba ya Wenye Hataza

"Aliyepima kwa kamba fupi asivune kwa kamba ndefu." Mmeusikia msemo huu leo sokoni, nanyi mwataka kujua ulikotoka. Haya, sikilizeni.

Kampuni moja ya mjini iliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake. Uvumbuzi wenyewe uliitwa "chachu ya mtindi iliyokaushwa". Daktari Kokusima, mtaalamu wa vijidudu, alikwenda kupinga kwenye ofisi ya hataza, maana akina mama wa kwao walikuwa wakianika chachu hiyo juani tangu zama za bibi zao. Lakini mkemia wa kampuni akasema mbele ya wote, "Jua hatuligusi. Kwetu sisi, kukausha ni kugandisha kwa baridi kali, kisha mashine ivute maji. Hilo tu." Kokusima akaridhika, akarudi nyumbani. Hataza ikatolewa.

Hata mwaka haukupita, kampuni ikawashtaki akina mama wale wale kwa kuanika chachu yao. Baraza lililosikiliza shauri likafungua kamusi: kukausha ni kuondoa majimaji, jua huondoa majimaji, basi wana hatia. Kokusima alipokumbusha maneno ya mkemia, aliambiwa akae chini. Askari wakaja, wakamwaga chachu yote mtaroni. Mama Kemilembe, kiongozi wa akina mama hao, aliitazama mbegu aliyoachiwa na mamake ikinywewa na vumbi, asiweze hata kulia.  Kokusima akawasimamia wakate rufaa.

Mbele ya majaji, wakili wa kampuni alisimama kifua mbele. "Waheshimiwa, neno liko wazi. Kukausha ni kukausha."

"Daktari, wasemaje?" akauliza jaji mkuu wa jopo.

"Mheshimiwa, mtu akiomba shamba, akalipima kwa kamba fupi ili majirani wasimpinge, aweza kuja siku ya mavuno na kamba ndefu?"

"Yale yalikuwa maelezo tu," wakili akadakia. "Sheria hutazama neno lililoandikwa."

"Na neno hilo mlipewa kwa maelezo yenu!" Sauti ya Kokusima ilipasuka. "Mlitudanganya siku ile, au mnadanganya leo?"

Wakili akamgeukia jaji, kana kwamba anaomba kulindwa.

"Jibu, wakili," jaji akasema. "Nami nataka kujua."

Wakili akarudia tu kwamba kukausha ni kukausha. Majaji wakaamua kwamba neno la hataza lisomwe kwa maana ile ile aliyoitoa mwombaji alipoiomba. Akina mama wakashinda.

Lakini ushindi haukuzoa kilichomwagwa. Mlangoni, wakili alimnyooshea Mama Kemilembe mkono. "Pole, mama. Ni kazi tu."

Mama hakuupokea.

"Chachu ya mamangu imekufa," akamwambia. "Nitaomba nyingine kwa jirani, lakini ile haipo tena duniani. Wewe nenda kawaambie waliokutuma: aliyepima kwa kamba fupi asivune kwa kamba ndefu."