Mke wa Kuvu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mna nini leo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, moto uliunguza jiwe la Bi Konokono. Kuvu aliyeota pale, chakula cha wana wa Konokono, akaisha. Jiwe likabaki tupu, watoto wakalala njaa.

Upepo ukaleta mbegu za Kuvu mwingine. Zikatua, zikafa. Zikatua tena, zikafa tena. Kuvu hajui kupika, jamani. Anayempikia ni mkewe, mwani mdogo mno, anayekaa ndani ya mwili wake akipika kwa moto wa jua. Bila mke, Kuvu haishi.

Bi Konokono akaenda jiwe la ng'ambo. Akamsalimu Kuvu wa huko, akamwuliza mkewe ni wa ukoo gani. Kuvu akakataa kusema. Kwa kina Kuvu, kumtaja mke ni mwiko.

Pimbi, mjuaji wa mtaa, akasema anayepika kwa jua lazima awe wa kijani. Akaleta mwani wa kijani kutoka bwawani, akaupaka jiweni, pakapaka! Adhuhuri ukakauka. Akaleta wa kijani zaidi. Nao ukakauka. Basi, Pimbi akashauri Bi Konokono ahame na wanawe. Kitinda mimba wa Konokono alikwisha kujifungia gambani, hatoki.

"Sihami," akasema Bi Konokono. "Mke huyo nitamjua, hata kwa ulimi."

Akarudi ng'ambo. Akamwomba Kuvu radhi, akamkwangua ngozi ya juu. Kwaru, kwaru, kwaru. Chini hapakuwa na kijani. Palikuwa na rangi ya chungwa bivu. Akaonja. Ladha ile akaijua: ule mwani wa magome ya miti uitwao kutu, ambao Pimbi hujifutia miguu kila siku.

"Ile kutu?" Pimbi akauliza.

"Hiyo hiyo. Ndiye mke wa mtu."

Akaila ile kutu mpaka gamba likambana. Akatambaa siku tatu, taratibu, taratibu, hadi jiweni kwake. Pale, msicheke, akanya. Akanya jiwe zima, na kutu ikatoka ingali hai.

Upepo ukaleta mbegu. Zikatua. Hazikufa. Mvua moja, mvua mbili, ngozi ya kijivu ya Kuvu ikatandaa jiweni. Kitinda mimba akatoa pembe moja, akatoa ya pili, akaanza kula. Mama yake akalia kwa furaha.

Basi, usimkisie mtu kwa rangi. Mtafute mpaka umjue.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyeamini akalambe jiwe.