Mdomo Usizibwe

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzi tu, nyumba za milimani Lushoto zilipoanza kuoga maji ya hita, palikuwa na mzazi jina lake Sakina. Kajifungua mtoto wa kiume, ana siku kumi na tano. Mnaijua baridi ya Lushoto mwezi wa saba? Kama huijui, nyamaza usikilize.

Mzazi lazima akandwe. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, siku arobaini. Mama yake, Bi Mwantumu, ndiye aliyekuja kumkanda. Mume wa Sakina, Kaoneka, dereva wa lori, akanunua hita ya gesi yenye feni, akasafiri. Kazi akawaachia wawili: mdogo wake Hemedi, anayejua umeme kidogo, na Fundi Shekiondo, anayejua mabomba sana.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo ilipo roho ya mtu. Gesi ikiungua vibaya hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inaua. Hita ile ina feni ya kuisukuma hewa chafu nje kupitia bomba. Bomba likiziba, kuna swichi ya usalama inayoikatalia hita kuwaka.

Fundi Shekiondo akatoboa ukuta wa bafu. Akalipitisha bomba, akalipa mteremko wake, akalitoa mbali na dirisha, kila kiungo akakipaka gundi. Kazi safi, sina neno. Lakini fundi ni mwanamume, na wanawake wamejifungia chumbani na mzazi. Hemedi naye kaenda kufuata mtungi wa gesi. Fundi akasimama nje ya dirisha la chumba, akapaza sauti.

"Hodi mama! Gundi ikauke leo, kesho muwashe. Nami nitapita kukagua. Ila mdomo usizibwe! Umenisikia? Mdomo usizibwe!"

Yeye anasema mdomo wa bomba. Mle ndani mtoto analia, kafunikwa blanketi gubigubi. Bi Mwantumu akaliteremsha blanketi mpaka kidevuni.

"Haujazibwa, fundi! Anapumua vizuri!"

Fundi akasikia "haujazibwa," akachukua ngazi yake, akaondoka. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana mbele hamtacheka.

Jioni Bi Mwantumu akaingia bafuni kufagia. Akasikia upepo wa baridi unatoka kwenye ile mashine. "Ala! Mwanangu mbichi hivi apigwe na upepo?" Akazunguka nje, akaliona bomba limeachama. Akachukua khanga kuukuu, akaisokomeza ndani mpaka mwisho. Upepo ukakoma, akashukuru Mungu.

Asubuhi hita ikagoma. Taa nyekundu inapepesa tu. Hemedi akapiga simu ya fundi, haipatikani.

"Hemedi! Mzazi anatetemeka huku!"

"Naitengeneza, mama!"

Akafungua kifuniko, akaitazama ile swichi ya usalama. "Hii imekufa," akasema. Nani kamwambia imekufa? Akavuta nyaya mbili, akaziunga dairekti, zisipitie swichi. Hita ikawaka wuuu! Bi Mwantumu akapiga kigelegele, Hemedi akavimba kichwa.

Sakina akaingia kukandwa. Dirisha limezibwa blanketi, mlango umekomewa, upepo usiingie. Bi Mwantumu akakanda mgongo, akakanda kiuno. Mara mtoto akalia chumbani.

"Nenda mama, nitajimalizia," akasema Sakina, akakomea tena nyuma yake.

Bi Mwantumu akatoka, kichwa kinamzunguka, miguu haina nguvu. Akadhani ni uzee. Hajamfikia mtoto, akasikia kopo limeanguka bafuni, pwaa!

"Sakina?"

Kimya.

"Sakina mwanangu!"

Kimya.

Hemedi akaja mbio, akashika mlango, mkono ukaganda pale pale. "Mama, shemeji yuko utupu! Nitaingiaje?" Na mle ndani mtu anakufa, jamani! Kila pumzi anayovuta ni sumu!

Saa hiyo hiyo Fundi Shekiondo kafika kukagua gundi yake. Kupita nyuma, akaiona khanga kwenye bomba. Akaichomoa, akazima gesi, akapiga ukelele: "Vunja mlango! Hewa mbaya! Vunja!" Hemedi akaupiga mlango bega mara tatu, ukang'oka. Bi Mwantumu akaziba pua, akaingia, akamfunika mwanawe, akamburuta mpaka uani. Midomo ya Sakina ilikuwa imebadilika rangi. Hospitali walimwekea oksijeni siku mbili, ndipo akafumbua macho, akarudishwa nyumbani.

Kaoneka akarudi, hasira zimempanda. "Wallahi, mmoja wenu alitaka kuniulia mke! Huyo hatakanyaga nyumba hii mpaka arobaini iishe!" Keshaapa, kiapo hakirudi nyuma.

Fundi akasema, "Bomba langu halina kasoro. Nilisema, na nilijibiwa. Ningeingiaje kwa mzazi? Na nisingefika siku ile, ungezika."

Hemedi akasema, "Kaka, mimi onyo sikulisikia. Ningeiacha, mke wako angekaa na baridi, mngenisema. Na mlango nimeuvunja mimi."

Bi Mwantumu akalia. "Baba, mimi ndiye niliyemzaa. Nani aliniambia kuwa bomba nalo lina mdomo? Niliziba upepo usimpate mwanangu, na nikaingia kwenye sumu ile kumtoa."

Kaoneka akamgeukia mkewe. Sakina, sauti haijarudi vizuri, akasema: "Nimebakiza siku ishirini na mbili za kukandwa. Ukimfukuza mama, nani atanishika mgongo? Ukimfukuza Hemedi, ukisafiri nani atanikimbiza hospitali? Ukimfukuza fundi, ile hita nani ataigusa? Mimi naiogopa. Lakini na hapa mlipo, wote watatu nawaogopa."

Kaoneka kasimama kizingitini, mkono uko kwenye komeo, na wale watatu wako uani, hakuna anayemtazama mwenzake. Haya, nyie mliokuwa mnacheka, semeni sasa. Mlango ufungwe, lakini je, nani anayestahili kubaki nje?