Nguchiro na Mayai ya Kuazima

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ngoma, pakawa ngozi, pakawa mpigaji na njaa yake!

Basi sogezeni miguu, moto huu ni wa wote. Na wewe uliyejibanza huko nyuma na muhogo wangu wa kuchoma, nimekuona. Kula polepole, usije ukapaliwa ukaniharibia ngano.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walisengenyana kuliko sisi, bonde la Majani Marefu lilikuwa na mchezo wake. Kila mavuno yalipoingia ghalani, wote walikusanyika uwanjani kutazama mchezo wa Mama na Mafuriko. Mama ana mayai matatu. Mafuriko yanakuja, yanayachukua. Mama analia, mama anaimba, mama anapiga mbizi nyuma ya pazia la matete. Mwishoni anaibuka nayo, na watu wanarudi makwao macho yamewavimba.

Na ni nani aliyekuwa mama? Nguchiro! Ndiyo, huyo huyo mwenye mkia mrefu na meno ya sindano. Alivaa kinyago cha mninga chenye uso wa mama, akafunga njuga miguuni, akaanza kuimba:

Lala, yai langu, lala,
mto nao umelala.
Ukiamka na mabawa,
nitakuonyesha njia.

Jamani! Ngiri walilia. Nyani walilia. Kenge, ambaye hakumlilia hata mama yake mzazi, alilia mpaka akaomba maji.

Sasa, mchezo huo ulikuwa na sharti moja. Mayai lazima yawe ya kweli. "Machozi ya kweli hayamwagiki juu ya mawe," ndivyo walivyosema. Kwa hiyo kila msimu mama mmoja aliazima mayai yake, akarudishiwa mchezo ukiisha. Na kila msimu, sijui kwa bahati gani, mayai yale hayakuanguliwa. "Viza," wazee walisema. "Mama huyu ana mkosi." Na mwenye mkosi alitakiwa aazime tena mwaka unaofuata, ausafishe, ndipo zamu ihamie kwa mwingine. Aliyekataa alifukuzwa bondeni, yeye na kiota chake.

Ikafika zamu ya Bi Kwale. Bi Kwale alikuwa mfupi wa mwili na mfupi wa uvumilivu. Aliazima mayai yake matatu, mchezo ukachezwa, watu wakalia, mayai yakarudi. Akayapokea. Mbona mepesi? Akaligeuza moja, akaona kitone cha udongo. Akadonoa udongo, akaona tundu. Akachungulia tunduni, akaona mwanga upande wa pili.

Akamwendea Nguchiro mbio. Akamkuta amejinyoosha juani, anachokonoa meno, na ute wa yai umemgandia kwenye masharubu.

"Nguchiro! Umewafyonza wanangu!"

Nguchiro wala hakuona haya. "Bi Kwale, mimi imani yangu siifichi. Yai ni maji yaliyovaa gamba. Aliyetaga kazi yake imekwisha, aliyeliona ndiye mwenyewe. Kule nyuma ya pazia nilikuwa mimi na mayai matatu. Ulitaka tuangaliane tu?"

Bi Kwale akaenda kwa Mzee Ngiri, msimamizi wa ngoma. Akamkuta bado anajifuta machozi ya mchezo.

"Mzee wangu, Nguchiro amenilia mayai. Mwenyewe amekiri."

"Pole sana, mwanangu," akasema Mzee Ngiri. "Lakini ulimsikia alipofika pale pa mabawa? Ulimsikia? Mtu kivyake, kazi kivyake."

Bi Kwale akaenda kwa shoga yake, Nungunungu.

"Shoga, Nguchiro amenilia mayai."

"Aa, mimi nilijua siku nyingi," akasema Nungunungu. "Aliyafyonza ya Bata, aliyafyonza ya Kanga. Lakini tukimtoa, nani ataimba? Kima? Kima akiimba hata mbu wanahama. Vumilia, shoga. Mtu kivyake, kazi kivyake."

Bi Kwale akaenda barazani, mbele ya bonde zima, akasimama juu ya kisiki ili aonekane.

"Jamani, Nguchiro amenilia mayai!"

Wakaguna. Wengine wakasema ana wivu kwa sababu yeye hajui kuimba. Mjusi mmoja, tena mwenye watoto, akauliza kwa nini mayai yenyewe hayakupiga kelele. Halafu wote, wakubwa kwa wadogo, wakaitika kwa pamoja. Waliitika nini? Haya, nisaidieni: Mtu kivyake, kazi kivyake!

Mmeitika vizuri mno. Mnanitia wasiwasi.

Bi Kwale akarudi kwenye kiota kitupu, akalia. Hakulilia mchezo, alililia mayai yake. Na kilichomuuma zaidi, jamani, ni kwamba wimbo wa yule mwizi ulikuwa bado unamzunguka kichwani, naye aliupenda.

Mwaka ukapita. Bi Kwale akataga tena mayai matatu. Umri ulikuwa umekwenda, na kiuno kilimwambia kwamba haya ndiyo ya mwisho. Yakianguliwa, ana watoto. Yakifyonzwa, basi tena, atakufa bila wa kumwita mama. Na mkosi wake ulikuwa unangoja kusafishwa uwanjani.

Akayaatamia, akafikiri. Akafikiri mpaka mkia ukamwasha. Mwishowe akainuka, akayafunika majani, akaenda kwa Mzee Ngiri.

"Mzee wangu, mwaka jana nilikuwa na hasira. Mlisema kweli. Mtu kivyake, kazi kivyake."

"Umekua, mwanangu!"

"Ila nina ombi. Mwaka huu neno hilo tulifuate uwanjani, tangu mwanzo hadi mwisho. Lisibaki la mdomoni."

Mzee Ngiri alifurahi mpaka meno yake yakang'aa. Akaita baraza, na bonde zima likala kiapo kwa kugonga miguu chini. Nguchiro naye akagonga. Tena ndiye aliyegonga kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya mchezo ikafika. Desturi ilikuwa kwamba mchezaji hutunzwa kwanza, ndipo acheze. Kila nyumba ilileta bakuli: uji wa ulezi wenye asali, viazi vitamu, kumbikumbi wa kukaanga, kambale wa kuchoma. Nguchiro alikuwa hajala tangu jana ili tumbo lipate nafasi. Akaingia uwanjani kwa madaha, kinyago mkononi, njuga zinalia, akaelekea kigoda cha heshima.

"Ngoja!" akasema Bi Kwale. "Kigoda ni cha mtu au cha kazi?"

"Cha kazi," watu wakaitika.

"Mtu kivyake, kazi kivyake!" Akamwondolea kinyago mkononi, akakikalisha juu ya kigoda, akakifunga leso vizuri. "Wewe mtu, keti pale mavumbini." Watu wakacheka. Nguchiro akacheka pia, akakaa mavumbini.

Kima akashika ngoma apige sifa.

"Ngoja!" akasema Bi Kwale. "Sifa ni za mtu au za kazi?"

"Za kazi!"

"Mtu kivyake, kazi kivyake!" Kima akakigeukia kinyago, akakisifu: ewe mwenye sauti ya asali, ewe mama wa bonde! Kinyago kikatulia kimya, hakina majivuno hata kidogo. Nguchiro akacheka tena, ila safari hii kwa meno tu.

Zikaja bakuli. Harufu ya kumbikumbi ikavuka uwanja, ikaingia puani mwa Nguchiro, ikashuka tumboni, na tumbo likanguruma mpaka vifaranga wa Bata wakakimbilia kwa mama yao.

"Ngoja!" akasema Bi Kwale. "Chakula ni cha mtu au cha kazi?"

Watu wakasita kidogo. Lakini walikuwa wamekula kiapo.

"Cha... kazi."

"Mtu kivyake, kazi kivyake!" Akazipanga bakuli zote mbele ya kinyago. "Kula, Kazi," akakiambia. "Kula, mwanangu, usione haya. Asali hii hapa."

Nguchiro akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Upuuzi gani huu? Kazi ipi? Hicho ni kipande cha mti! Mama ni mimi! Sauti ni yangu, machozi ni yangu. Kila kilichofanyika uwanja huu, mbele ya pazia na nyuma ya pazia, nimekifanya mimi, kwa mikono hii!"

"Mikono hii hii?" akauliza Bi Kwale.

"Hii hii!"

"Mbele ya pazia na nyuma ya pazia?"

"Mbele na nyu..."

Kima akashusha ngoma polepole.

"Basi chagua," akasema Bi Kwale, na mayai yake yalikuwa pale pale, ndani ya kikapu miguuni pake. "Kama ninyi ni wawili, chakula ni cha huyu aliye kigodani, nawe ukalale na njaa. Kama ni mmoja, basi aliyetutoa machozi ndiye aliyenifyonzea wanangu, na nataka anijibu."

Nguchiro akatazama baraza, akatazama mlango wa uwanja, akatazama kumbikumbi. Tumbo likanguruma tena, nalo ndilo lililojibu kwanza.

"Mimi ni mmoja," akasema.

Hapo Nungunungu akajikuna miiba, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, ni nani aliyetufundisha kwamba mayai lazima yawe ya kweli?"

Wazee wakatazamana. Wakakumbuka. Halafu wote wakageuka, wakamtazama Nguchiro. Mzee Ngiri akainamisha kichwa mpaka meno yakagusa vumbi. Alitaka kusema kitu kuhusu pale pa mabawa, akameza mate.

"Bi Kwale," akasema, "sema wewe. Sisi tumesema vya kutosha."

Bi Kwale akasema. Bakuli zile zikapelekwa kwa Bata na kwa Kanga, akina mama walioitwa wenye mkosi. Nguchiro akaachiwa makombo ya viazi, na kazi ya kuwachimbia mchwa akina mama wote aliowafyonzea. Na zile njuga zake za kuchezea asizivue tena, asubuhi wala jioni, ili kila kiota kimsikie anakopita.

"Na mchezo?" Kima akauliza. "Tufanyeje na mchezo?"

"Anayetaka kutazama atazame," akasema Bi Kwale. "Ila mayai yawe mawe."

Bata na Kanga wakaondoka, hawakutaka hata kumsikia, na hakuna aliyewalaumu. Waliobaki walibaki. Nguchiro akacheza na mawe matatu ya mtoni. Na ajabu ya ajabu, watu walilia vile vile! Walilia huku wakiyaonea aibu machozi yao. Kumbe siku zote mawe yangetosha. Bi Kwale aliupa uwanja mgongo, akakaa juu ya mayai yake. Lakini masikio hayana mgongo, akausikia wimbo wote.

Mayai yakaanguliwa, yote matatu. Jioni moja vifaranga walikataa kulala, wakalia, wakarukaruka, wakamchosha mama yao. Bi Kwale akajikuta anaimba: lala, yai langu, lala. Wakatulia.

"Mama," akasema yule mdogo, "wimbo huu mtamu. Nani aliutunga?"

Bi Kwale angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Aliutunga Nguchiro, aliyewafyonza kaka zenu kabla hawajapata majina."

Vifaranga wakaogopa, wakasongamana chini ya bawa. "Basi tuuache?"

Bi Kwale akainua kichwa, akatega sikio. Mbali huko, upande wa kichuguu, njuga zililia kidogo, zikapita.

"Uimbeni," akasema. "Lakini mkiuimba, msilale wote."

Basi ngano yangu inatua mzigo hapa. Funzo lake ni hili: kazi njema ipigiwe makofi, lakini makofi hayarudishi kilichofyonzwa. Na anayekuambia umtenge mtu na kazi yake, mwangalie kwanza bakuli anampelekea nani.

Ikiwa tamu, tafuneni. Ikiwa chungu, temeni nje, msiteme kwenye moto wangu. Na wewe wa huko nyuma, usijali. Mimi najua kutenga. Wewe ni mtu mzuri sana. Muhogo wangu uko wapi?