Karata Zilizopimwa na Fisi

Hadithi ipo, na asiyetaka kuisikiliza akachote maji, kama atayapata.

Maana mwaka huo maji hayakupatikana. Mto ulibaki mchanga mtupu, na katika nyika nzima kilisalia kisima kimoja, kwenye bonde la mawe mekundu. Kila asubuhi wanyama walikuwa wakiumizana pale. Nyati alivunjika pembe, Ngiri akatoka na sikio moja, na bado wote wakabaki na kiu. Mwisho wakakubaliana kwamba zamu ya kunywa iamuliwe kwa karata. Atakayeshinda atakunywa kwanza, maji yakiwa bado safi. Wa mwisho ataachiwa tope.

Karata zenyewe zilikuwa vigae vya kibuyu, amevichora Fundi Kinyonga, kwani nani mwingine pale alizijua rangi? Ziliwekwa rundo moja, la wote. Asubuhi kila mchezaji hugawiwa fungu, huchomoa karata moja anayoitaka, kisha hulipitisha fungu lililobaki kwa jirani wa kushoto, naye hupokea la jirani wa kulia. Wanaendelea hivyo hivyo mpaka mafungu yaishe, ndipo wanacheza. Sheria ngumu ilikuwa moja. Rangi zilikuwa nne, nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe, na mchezaji aliruhusiwa kuchezea mbili tu. Karata ya rangi nyingine mkononi mwake ilikuwa mzigo.

Fisi alikuwa mtu wa nyekundu na nyeusi. Nyekundu ya damu, nyeusi ya usiku. Wewe ulitegemea nini? Na alikuwa hashindi. Hakuweza kuiona karata akaiacha ipite. Alichomoa ya kijani kwa sababu inang'aa, alichomoa nyeupe ili jirani aikose, na mchezo ukianza nusu ya alizoshika hazimfai kitu. Kila siku alikunywa tope, na kila siku alisema ameonewa.

Basi siku moja Kinyonga akaleta kikapu cha karata mpya. Hizi zilikuwa na rangi mbili katika kigae kimoja. Nguvu zake zilikuwa kubwa, lakini hazikumfaa ila mwenye rangi zote mbili. Desturi ilisema rundo lisinenepe, kwa hiyo ikiingia mpya moja, ya zamani moja itoke. Alitakiwa mtu wa kuzipima na kusema ipi iingie na ipi itupwe. Na rundo likishapimwa, limepimwa. Haliguswi tena mpaka mvua inyeshe.

Mara iliyopita kazi hiyo aliifanya Kobe, akapima taratibu mpaka wenzake wakasahau wanangoja nini. Safari hii Fisi alisimama kabla hajaulizwa.

"Nipeni mimi," alisema.

Simba aliinua kichwa. "Mfalme ni mimi. Kwa nini nisipime mimi?"

"Mzee wangu, mfalme hapimi vitu. Vitu hupimwa, kisha vikaletwa miguuni pake."

Simba aliyapenda maneno hayo, akatikisa manyoya ya shingo kana kwamba ameyatunga mwenyewe. Fisi akawa amekwisha kupata kazi.

"Utapima kwa kipimo gani, Bwana Fisi?" Sungura aliuliza.

"Kwa haki."

"Ya nani?"

"Ya wote. Sungura, usinichokoze."

"Aa, mimi nauliza tu," Sungura alisema, akajikuna sikio na kukaa chini. Angeweza kupinga. Lakini Sungura ni Sungura, na mtu akianza kujichimbia shimo yeye humsogezea jembe.

Kinyonga alizipanga karata mpya juu ya jiwe. Fisi akazipitia huku mate yanamtoka, akiwaza zile asubuhi zote atakazotumbukiza mdomo kwenye maji ambayo hakuna aliyeyagusa. Karata ya kwanza ilikuwa nyekundu na nyeusi, imechorwa taya, jina lake Meno ya Usiku.

"Safi sana. Iingie."

Ya pili ilikuwa nyekundu na nyeusi. Iingie. Ya tatu hali kadhalika. Ilipofika nyeusi na nyeupe, Fisi akasema haina mwelekeo. Nyekundu na kijani akasema inamuumiza macho. Jozi za namna hiyo akazipa kigae kimoja kimoja tu. Ikafuata nyingine yenye mistari miwili tu, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, kama mfupa ulioachwa juani.

"Hii inafanya nini?"

"Hiyo haifanyi kitu," Kinyonga alisema. "Nilikuwa nafutia brashi."

"Ni ya nyekundu na nyeusi?"

"Rangi ni hizo, ndiyo."

"Iingie. Kuna nyingine kama hii?"

"Zipo. Nafuta brashi mara kwa mara."

"Ziingie zote."

Kinyonga akazungusha jicho moja kumtazama Fisi na jingine kulitazama rundo. "Bwana Fisi, desturi ni kila jozi ya rangi iwe na yake, japo moja. Kijani na nyeupe hujaipa hata kigae."

"Lete iliyo dhaifu kuliko zote."

Fundi akamwonyesha karata iliyochorwa majani mabichi na umande, jina lake Nyasi Baada ya Mvua. "Hii, mwenye nayo akiumwa na karata za wenzake, nguvu yake inaongezeka," alisema.

"Yenyewe inauma?"

"Haiumi."

"Basi takataka. Iingie hiyo, wasije wakasema nimewanyima."

Kwa kuwa nyingi zimeingia, nyingi zilipaswa kutoka, na Fisi akazitoa karibu zote za kijani na nyeupe. Hapo ndipo Digidigi alipokuja mbio. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yanamkauka. Rangi zake zilikuwa hizo hizo za kijani na nyeupe, na kwa hizo alikuwa akipata walau maji ya katikati.

"Kaka Fisi, nakuomba, zisiondoke zote. Nikinywa tope mtoto wangu hataifikia mvua."

Fisi hata hakugeuka. "Dada, hapa tunapima karata. Hatupimi machozi."

Digidigi akaondoka. Fisi alirudisha rundo kwa wenzake, akasimama mbele yao na kujipiga kifua. "Kila karata iliyomo humu nimeipima mimi, peke yangu. Asitokee mtu akasema amenisaidia."

"Hatutasema," Sungura alisema.

Asubuhi ya kwanza ya rundo jipya, Fisi alichagua mahali pa kukaa kwa akili nyingi, au kwa kile alichokuwa nacho. Alikaa kushoto kwa Sungura, kwa kuwa Sungura alizoea kijani, na mtu wa kijani atapitisha nyekundu na nyeusi zote bila kuzigusa. Kushoto kwake mwenyewe akamweka Digidigi. Baada ya Digidigi alikaa Simba, kisha Ngiri, mduara ukarudi kwa Sungura.

Fisi alipofungua fungu lake, alichekelea. Nyekundu na nyeusi, nyekundu na nyeusi! Alichomoa Meno ya Usiku, akanyoosha mkono kuchomoa ya pili.

"Moja moja, Bwana Fisi," Sungura alisema.

Hilo Fisi alikuwa amelisahau. Siku zote alipokuwa akipima, kichwani mwake alikuwa anakula peke yake. Sasa alilazimika kuupitisha utajiri wote ule kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ulikuwa hautaki kuachia. Digidigi alichomoa kijani kimoja kilichobaki katika fungu lile na kulisogeza kwa Simba.

Simba, ambaye maisha yake yote alichezea nyekundu na nyeupe, alilitazama fungu na kuinua nyusi. "Kumbe ndizo zilizojaa? Basi na mfalme atakuwa wa hizo." Akachukua bora kuliko zote. Ngiri akaona mfalme amechukua, naye akachukua. Lilipofika kwa Sungura, akachukua.

Fisi alipolipokea alipepesa macho. "Sungura! Wewe si wa kijani?"

"Nilikuwa. Lakini umezitupa za kijani, Bwana Fisi, nami nikasema, mpima anajua anachokifanya."

Ikawa hivyo kila fungu. Kila lililomfikia lilikuwa limepita kwanza kwa Sungura, mengi kwa Ngiri na Simba pia, na wote watatu walikuwa wanazitaka zile zile. Kilichomfikia Fisi kilikuwa mifupa ya kufutia brashi na majani ya kijani. Mwenye busara angebadilisha rangi. Fisi alichukua mifupa, kwa kuwa ilikuwa nyekundu na nyeusi, na kila kijani na kila nyeupe akamsukumia Digidigi huku anasonya. Hata Nyasi Baada ya Mvua ilipita mikononi mwake. Akacheka alipompa. "Chukua, dada, ufunike mtoto."

Mchezo ulipoanza, Simba alimshambulia Digidigi kwa taya nyekundu na nyeusi. Digidigi akaweka Nyasi chini, akawa na nguvu zaidi. Ngiri akauma, Digidigi akaongezeka. Sungura akauma kidogo, akaona mambo, akaacha. Rundo lote lilikuwa meno matupu, na yeye peke yake alikuwa na kitu kinachonenepa kwa kuumwa. Fisi aliweka mfupa chini. Haukufanya kitu. Akaweka mwingine.

Digidigi alishinda, na Fisi akawa wa mwisho. Mfalme, ambaye hakuzoea kushindwa na mtu wa kimo cha goti lake, alinguruma mpaka vigae vikatetemeka.

"Nani alizipima karata hizi?"

Wote walimtazama Fisi.

"Lifungueni rundo," Fisi alilia. "Nitapima upya. Safari hii kwa haki ya kweli, Mzee wangu, nina kiu."

Digidigi alikuwa tayari ameinamisha mtoto kwenye maji safi. Aligeuka. "Kaka Fisi, hapa tunapima karata."

Mengine hakuyamalizia. Na rundo halikufunguliwa, kwa kuwa mvua ilikuwa haijanyesha. Kesho yake Sungura alirudi kwenye kijani, Ngiri akajaribu nyeupe, hata Simba akaacha weusi akasema haukumpendeza tangu mwanzo. Fisi peke yake aliendelea kuvizia nyekundu na nyeusi, na kila zilipomjia alichomoa badala yake ya kijani au nyeupe, kwa sababu iling'aa.

Jua lilipokuwa kali, wengine wamekwisha kunywa na kuondoka, alishuka kisimani akapiga magoti. Sungura alikuwa amekaa ukingoni, ndevu zake bado zinadondosha maji.

"Bwana Mpima," alisema, "na hilo tope unalionaje? Liingie au litupwe?"

Mdomo wa Fisi ulikuwa umejaa. Aliyepewa kipimo cha wote akapimia tumbo lake, atakula alichopima. Yangu yameishia hapo kwenye tope, na anayetaka zaidi ashuke akachote.