Ukungu Haumzibi Ndege Mdomo

"Ukungu haumzibi ndege mdomo." Mmeisikia leo sokoni mkaja kuniuliza maana yake. Maana yake haitawaingia kabla hamjajua ilikotoka, basi tulieni. Asiyetaka kusikiliza akachanje kuni.

Methali hii ilianzia huku huku kwetu milimani Taita, kwa mjane aitwaye Mghoi. Kazi yake tangu usichana ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza kwenye mashamba ya watu mtama unapokomaa. Wengi walimdharau, eti anapigia hewa kelele.

Siku moja Wawuda, mke wa Mwadime, alishikwa na uchungu na mtoto akakataa kutoka. Mkunga hodari alikaa ng'ambo ya mlima. Mwadime na ndugu zake watatu wakambeba kwa machela, naye Mghoi akaandamana nao kumshika mgonjwa mkono. Walipofika juu, ukungu ukashuka mzito kama uji. Njia ikapotea.

"Twende hivyo hivyo," alisema Mwadime. "Mke wangu anakufa."

"Simama, mwanangu," Mghoi akamwambia. "Nyuma yetu nasikia kwera, hao ni ndege wa mtama. Huko mbele wanalia mbayuwayu peke yao. Hao hukaa jabalini."

Mwadime akaokota jiwe, akalirusha mbele. Wakangoja, wakangoja, ndipo likalia chini kabisa. Walibakiza hatua tano tu watumbukie gengeni.

Hakubisha mtu tena. Mghoi akatangulia. Waliposikia shorwe, akasema wameingia vichakani, wakachepuka kushoto. Kisha zikaja sauti chungu nzima, hondohondo, kwenzi, njiwa, na wengine ambao hata yeye hakuwajua majina.

"Ndege wa kila namna hivi hawakai pamoja ila msituni," alisema, na uso ukamchangamka. "Mkunga anakaa chini ya msitu huu."

Mghoi yule nampenda mpaka leo, na wala sikumwona.

Kwa mkunga mtoto alizaliwa salama, mamaye naye mzima, ukungu haujaondoka bado. Mwadime akamwendea Mghoi kichwa chini.

"Nisamehe, mama. Miaka yote nilidhani unawafukuza ndege tu."

"Utamfukuzaje usiyemjua, mwanangu?"

Watu walipomuuliza Mwadime walivukaje mlima bila kuona njia, alimpakata mwanawe, akawajibu, "Ukungu haumzibi ndege mdomo."