Mlolongo wa Mkwajuni

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakiishi nyumba kwa nyumba na kuazimana moto na chumvi, kitongoji cha Mkwajuni kilivamiwa na Nguchiro. Kwa umbo hakuwa kitu, kiumbe cha kuenea kapuni. Lakini alikuja na binamu zake, kundi zima, na wote walikuwa na meno.

"Hodi! Hodi! Tumewaletea ulinzi," walitangaza. "Kila mavuno, kila nyumba itoe kikapu cha mtama."

"Mtulinde na nani?" akauliza Digidigi.

"Na mabaya," akajibu Nguchiro huku akicheka.

Digidigi akakataa. Kesho yake mchana, wenyeji wakiwa mashambani, nyumba yake ikawaka. Wuuu! Mkewe alikuwa ndani, mgonjwa, hajiwezi. Wengi waliwaona wale binamu wakikimbia na vijinga vya moto. Lakini ilipoulizwa nani kaona, kila mmoja alitazama miguu yake.

Nyati akashindwa kuvumilia. Siku ya kumchagua jumbe, mkuu wa kitongoji, ilikuwa karibu, na huko Mkwajuni mgombea alisimama uwanjani, wanaomtaka wakapanga mlolongo nyuma yake, na mwenye mlolongo mrefu ndiye aliyeshinda.

"Nitagombea," alimwambia jirani yake Ngiri. "Nikiwa jumbe tutawafukuza hawa. Mimi na pembe zangu, wewe na meno yako, nani atatuweza?"

"Wa kwanza nyuma yako ni mimi, ndugu yangu," akasema Ngiri.

Habari zikamfikia Nguchiro. Binamu zake wakalalama. "Tumekwisha! Wale wawili wakiungana, watatukanyaga kama panzi!"

"Nyamazeni," akasema Nguchiro. "Hawataungana."

Mchana kweupe akamwendea Ngiri shambani, huku Nyati akipalilia ng'ambo ya ua. Chupu! Akamrukia begani, akamnong'oneza sikioni: "Mwaka huu mvua itachelewa." Kisha akaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Akasema kwa sauti kubwa: "Basi tumeelewana, mzee!" Huyoo, akatokomea.

Nyati akaja mbio. "Amekwambia nini yule?"

"Eti mvua itachelewa."

"Mvua tu?"

"Mvua tu, haki ya Mungu."

"Sasa mmeelewana nini?"

"Hata mimi sijui!"

"Mh," akaguna Nyati, akarudi shambani kwake.

Siku ya pili, kisimani, Nguchiro akamfanyia Nyati vile vile mbele ya macho ya Ngiri. Mnong'ono, kicheko, "tumeelewana, mzee!" Tangu hapo wale majirani hawakusalimiana.

Juu ya kisima, kwenye tawi, Bi Kanga alikuwa amesikia kila neno. Akaenda kwa Ngiri huku akihema.

"Ngiri, mnachezewa! Alimwambia Nyati habari za mvua tu, na wewe nadhani alikwambia hayo hayo!"

Ngiri akamkazia macho. "Na wewe unayajuaje ya Nguchiro? Uko naye karibu kiasi hicho?"

Bi Kanga akageuka akaenda zake. Aliporudi nyumbani alikuta mayai yake yote yamepondwa, na mumewe ameketi kando ya maganda.

"Umeridhika?" mume akauliza. "Siku ya kuchagua usitie mguu nje."

Siku ikafika. Nyati akasimama uwanjani, kifua mbele. Nyuma yake, patupu. Ngiri alikuwa amejifungia, akichungulia dirishani. Wengine walisema wana homa, wengine wana wageni. Digidigi alikwisha kuhama. Nguchiro naye alisimama kugombea, na nyuma yake walijipanga binamu zake tu, wakipiga miluzi.

Ndipo taratibu, akiwa peke yake, akaja Bi Kanga. Akaenda kusimama nyuma ya Nyati.

Nyati akageuka. "Wewe! Nani kakutuma?"

"Nimejituma, Bwana Nyati."

"Siku hizi hakuna anayejituma! Wamekuleta ili wanicheke, mimi na mlolongo wa ndege mmoja!" Akapiga kwato, vumbi likatimka, akaondoka bila kutazama nyuma.

Bi Kanga akabaki pale pale, mbele yake hakuna mtu.

Nguchiro hakumgusa. Akaruka juu ya kichuguu, akapaza sauti: "Mkwajuni imeamua!"

Jioni ile kila nyumba ilimlaani jirani kwa kumchagua Nguchiro, na katika nyumba zile zote hapakuwa na hata moja iliyomchagua.

Basi wanangu, kumbukeni: majirani wakiacha kuaminiana, mwizi ndiye huwa jumbe.